Mzinga wa Königsberg na programu iliyonidanganya

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja na hesabu za mwendo wa vitu vinavyorushwa. Anayo kanuni: zidisha mwendo kasi kwa wenyewe, gawanya kwa mvuto wa dunia, zidisha kwa saini ya pembe mara mbili. Nikajitia ujuzi, nikamwambia tuachane na mawe ya kwenye kitabu, tutumie mzinga tunaoujua. Pale Fort Jesus upo mmoja uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg. Mdomo wake ni sentimita 10.5, kombora lina uzito wa kilo 17 na ushei, nalo hutoka na kasi ya mita 690 kwa sekunde.

Nikaandika programu, pembe digrii 30. Jibu: kilomita 42.

"Mjomba, hiyo si inapita Mariakani?" Inapita. Na vitabu vya silaha vinasema masafa ya mzinga ule kwa pembe hiyo ni kilomita 12.2 tu, hata Mazeras haufiki. Nilikagua msimbo mara tatu nikitafuta kosa. Msimbo ulikuwa sawa. Kilichokosekana ni hewa.

Galileo alichapisha hesabu za parabola mwaka 1638, Wareno wakiwa wameshamaliza kujenga Fort Jesus miaka zaidi ya 40 nyuma. Alijua hewa inakinza, lakini wengi waliomfuata waliichukulia kama jambo dogo. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha vipimo vyake: alifyatua risasi kwenye bembea ya mbao, akatazama ilivyorudi nyuma, akakadiria kasi. Akaona kuwa kwa kitu kinachokwenda mbio hivyo, hewa inakinza kwa nguvu kubwa mno kuliko uzito wake chenyewe. Kombora la Königsberg linatoka na kasi mara mbili ya sauti. Parabola haipo tena. Linapanda kwa mlalo na kushuka wima zaidi.

Masafa haya yaliua watu hapa kwetu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yakaangukia majini kabla ya kufika. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Mzinga wa Pegasus nao uko Fort Jesus, jirani na ule ulioishinda. Watalii hupiga picha na kupita.

Baadaye Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Mwezi Julai 1915 Waingereza walileta Severn na Mersey, meli zinazoelea kwenye maji machache. Wapigaji hawakuiona shabaha, mikoko imeziba. Ndege ikawa juu inatazama kombora lilipoangukia na kutuma marekebisho kwa redio: mbali mno, karibu mno, kushoto. Tarehe 6 walishindwa, tarehe 11 wakaipata. Ndege ilipigwa siku hiyo, na waliokuwemo wakaendelea kutuma marekebisho huku inaanguka. Walinusurika. Mimi nimewahi kuacha kazi kwa sababu umeme umekatika.

Wajerumani waliiopoa mizinga yote kumi, wakaitia magurudumu na kupigana nayo bara.

Kwa sisi wa kompyuta, deni letu kwa hesabu hii ni kubwa. ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilijengwa kukokotoa majedwali ya mizinga. Njia moja ya kombora ilimchukua mtu mwenye mashine ya kujumlisha saa 20 hivi. ENIAC ilimaliza kwa nusu dakika, kabla kombora lenyewe halijatua.

Nami nikafanya kama wao: gawanya safari vipande vya mia ya sekunde, kila kipande punguza kasi kwa ukinzani. Kusema kweli, nambari ya ukinzani niliisogeza-sogeza mpaka jibu likakaribia 12. Hiyo ni kulazimisha, maana ukinzani hubadilika ghafla karibu na kasi ya sauti. Nitalirekebisha.

Kijana aliandika 42 kwenye daftari. Juu ya swali pameandikwa "puuza hewa".