Dhiki Katika Mizani: "Mamba" na Soneti ya Kifaransa

Mfaransa Joachim du Bellay alipotoa Les Regrets mwaka 1558, soneti 191 zilizozaliwa na unyonge wa kuishi Roma mbali na kwao, alichagua mshororo wa mizani 12 ukatwao katikati, sita kwa sita. Karne nne baadaye, dhiki nyingine ilitungiwa mizani 12 nchini Kenya.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, ulioishutumu serikali ya KANU kwa kukikandamiza chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga, ambacho ngome yake ilikuwa Nyanza. Hadi 1972 alitunga kwa siri, juu ya karatasi za chooni, mashairi ya Sauti ya Dhiki. Mojawapo ni "Mamba".

Idadi hiyo ya mizani isitudanganye. Mkato wa "Mamba" huja baada ya mizani ya nne, ukaacha mkono wa nane; na vipande vyote viwili vina vina, ilhali soneti hutosheka na kina cha mwisho. Kipande kifupi hutaja jambo, kirefu hulieleza, na msomaji huvuta pumzi mahali asipotazamia. Ubeti ni wa mishororo mitatu. Soneti hukusanya hoja katika mishororo minane ya mwanzo, kisha huigeuza katika sita iliyosalia. "Mamba" haina mgeuko wa lazima. Mshairi hutangulia kutujulisha kwamba atafumba, ndipo amwingize mnyama mwenye kiburi.

Kuhesabu silabi ni desturi ya lugha zote mbili. Lakini Mfaransa ana e dhaifu, ambayo huhesabiwa mbele ya konsonanti na kumezwa mbele ya irabu. Kwetu m ya "mtoni" ni mizani kamili, wala haina mjadala.

Katika ubishi wa miaka ya 1970, ambapo Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) kiliacha kanuni hizo, walikuwapo walioziita vina na mizani minyororo. Kwa maoni yangu hoja hiyo haimfikii mfungwa huyu: aliye peke yake, tena kwa karatasi za kufichwa, hufaidika na utungo unaokaa kichwani.

Sauti ya Dhiki ilichapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.