Kasoro ya Kinjeketile ni Ipi?

Nilipokuwa nikifundisha fasihi katika chuo cha ualimu mjini Bukoba, mwanachuo mmoja kutoka Muleba aliniuliza: "Mwalimu, kasoro ya Kinjeketile ni ipi?" Nilimjibu upesi mno: kiburi.

Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tanzia ya Shakespeare ya mwaka 1599. Toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Tanzia hizo mbili nilizifundisha pamoja, nami nikazipima kwa kibaba kimoja: shujaa ana kasoro, na kasoro humwangusha.

Kwa Brutus kibaba hicho chatosha. Anajadiliana na nafsi yake usiku, anakata shauri, anaua ili Roma isipate mfalme. Kinachofuata ni Octavius, ambaye historia yamjua kama Augusto, kaizari wa kwanza. Mkono ni wake, na kosa ni lake.

Kinjeketile je? Maji yake yanaunganisha watu waliotengana. Anapong'amua kwamba ujumbe wa Hongo ungewatia chini ya Seyyid Said, imani yake inatikisika, naye ataka vita vingoje. Watu hawangoji, neno limekwisha kumzidi msemaji. Mwishoni, mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kuwa maji ni uongo. Anakataa, maana kukiri kungewafunza watoto wa kesho kwamba babu zao walikosea kupigania uhuru.

Kiburi kiko wapi hapo? Anguko hilo ni la jamii nzima iliyohitaji neno la kuiunganisha, ikalipata kabla ya silaha. Sisi wa Buhaya tusingepaswa kulistaajabia. Mpiga enanga ni mmoja, lakini sauti anazobeba ni za wengi. Tendi hizo alizitafiti M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, aliyetunga pia tamthilia ya Mukwava wa Uhehe.

Hata hivyo, tusimpunje Shakespeare. Brutus mwenyewe, kabla ya kufa, anakiri kwamba Kaizari aliyeuawa bado ana nguvu. Chembe ya neno linalomshinda mtu imo humo. Hussein ameifanya kiini.

Mwanachuo wangu, popote ulipo: jibu langu lilikosea. Kasoro ilikuwa katika kibaba changu.