Tumbili wa Gitaru na seva ya nyumbani

Wadau, mnamkumbuka yule tumbili wa Gitaru? Tarehe 7 Juni 2016 aliangukia transfoma, na Kenya nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Mimi sikujifunza kitu. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipopotea tena nchini, seva yangu hapa Kongowea ilibaki kwenye betri. Nikangoja. Baada ya dakika 20 chaji ikaisha, seva ikazimika ghafla, na faili la madeni ya duka la mama likaharibika. Kumbe dawa ilikuwapo tangu miaka ya 1990: NUT, programu huria iliyoanzishwa na Russell Kroll, huisikiliza betri na kuizima seva kwa utaratibu kabla chaji haijaisha. Betri ni ya kukupa muda wa kufunga, si ya kungojea stima.