Sauti na Majeraha ya Vijana: Kutoka Buswezi hadi Zahanati

Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii na kujijeruhi kwa makusudi ni mambo mawili ambayo mara nyingi humpata kijana yuleyule. Masumbwe, mji wa Wilaya ya Mbogwe, ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Hapo masumbuko hayo yamepita katika mikono mitatu: ya chama cha mizimu, ya dola na ya tiba ya kisasa.

Mkono wa kwanza ulikuwa Buswezi, chama kilichoenea kwa Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma. Asili yake ni ibada za mizimu ya Bachwezi za nchi za Maziwa Makuu, na mzimu wake mkuu ni Lyangombe. Hans Cory, mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha maelezo ya chama hicho mwaka 1955. Mtu aliyepatwa na maradhi yasiyoeleweka au misukosuko ya akili alipelekwa kwa mfumu, yaani mganga. Ramli ikionyesha kwamba mizimu inamtaka, aliingizwa chamani. Ngoma zilipigwa, mwali akatengwa na watu, akafundishwa siri na lugha ya chama, akapewa jina jipya. Alirudi kwao akiwa na ndugu wapya wa kiibada. Gharama ziliilemea familia, na ugonjwa mzito uliweza kuendelea hata baada ya ngoma kunyamaza. Lakini mgonjwa hakuachwa peke yake na sauti zake.

Mkono wa pili, wa dola, ulikuja na utaratibu mwingine enzi za ukoloni. Wamisionari wa Kijerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza nao walianzisha Hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kutoka Masumbwe hadi Dodoma ni safari ya mamia ya kilomita. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, katika kifungu cha 217, ilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kifungu hicho kilibaki baada ya uhuru. Hivyo sauti zikawa za hospitali ya mbali na jaribio la kujiua likawa la polisi. Familia zikapata sababu ya kuficha majeraha. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025.

Mkono wa tatu ulifika karibu zaidi. Baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi, Tanzania ilianza kupeleka huduma ya afya ya akili katika vituo vya afya na zahanati, kwa majaribio ya mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Sheria ya Afya ya Akili ikafuata mwaka 2008.

Utafiti nao umeunganisha tena sauti na kujiumiza, mambo ambayo dola iliyatenganisha. Nchini Ireland, Ian Kelleher na wenzake walifuatilia wanafunzi 1,112 wenye umri wa miaka 13 hadi 16, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Takribani asilimia 7 walikuwa na dalili kama kusikia sauti. Katika mwaka mmoja, asilimia 20 kati yao walijaribu kujiua, dhidi ya asilimia 2.5 ya wenzao. Wengi wanaosikia sauti ujanani hawapatwi na kichaa, na sauti hizo mara nyingi hupotea. Hata hivyo huonyesha dhiki kubwa: sonona, ukatili uliompata mtoto au kukosa usingizi. Wakati mwingine sauti yenyewe humwamuru kijana ajiumize.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, vijana wengi huacha kwao na kwenda machimboni, ambako hulala karibu na maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, mbali na jamaa ambao wangegundua mabadiliko yao mapema. Bangi huongeza hatari ya kusikia sauti, na pombe huongeza hatari ya kujiumiza.

Kijana mwenye jeraha la kujitia aulizwe kwa upole kama husikia sauti. Anayesikia sauti aulizwe kama anafikiria kujiumiza au kufa. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, na afikishwe zahanati au hospitali mapema. Mtoto anaweza pia kusaidiwa kwa simu namba 116, bila malipo.