Majina Mawili ya Baldemar Huerta

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mazoea ya kumhukumu msanii kwa lugha anayoitumia. Akiimba kwa lugha ya wakubwa tunamwita kasuku. Akiimba kwa lugha ya kwao tunamvika kilemba cha uzalendo, basi, mjadala umekwisha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kipimo hicho ni kifupi mno. Mfano wangu ni mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, Freddy Fender.

Jina hilo si la kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa San Benito, kusini kabisa mwa Texas, akaitwa Baldemar Huerta. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani, wakihamahama kufuata mavuno. Walikuwa Watejano, yaani watu wa Texas wenye asili ya Mexico. Msomaji akumbuke kwamba Texas ilikuwa sehemu ya Mexico hadi mwaka 1836, na ikaingizwa Marekani mwaka 1845. Wapo Watejano, kwa hiyo, ambao mababu zao hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliohama ukawapita. Kihispania kwao si lugha ya ugenini, ila kinatendewa kama mgeni.

Huerta alianza kurekodi kwa Kihispania. Mwaka 1957 aliuimba kwa lugha hiyo wimbo wa “Don't Be Cruel”, uliokuwa umevuma kwa sauti ya Elvis Presley. Mwaka 1959 kampuni ya Imperial ikamchukua ili aimbe kwa Kiingereza, naye akabadili jina. “Fender” alilitoa kwenye mtambo wake wa kukuzia sauti ya gitaa. “Freddy” akalichagua kwa kuwa linaoana nalo kwa sauti. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka jina litakalouzika kwa Wazungu. Ndiyo, jamaa alijibandika nembo ya kiwanda! Hapa ndipo wengi wetu tungefunga jalada.

Tusifunge. Mwaka huohuo alirekodi “Wasted Days and Wasted Nights”, wimbo wa mapenzi kuhusu siku na usiku zilizopotea bure. Ulipoanza tu kupendwa, mwaka 1960, alikamatwa na bangi huko Louisiana, akafungwa karibu miaka mitatu katika gereza liitwalo Angola. Mhakiki mvivu atasema wimbo ulitabiri kifungo. La hasha. Kilichopotea ni kazi, na jina lile la kuuzika halikumkinga. Miaka ya 1970 ilipoanza alikuwa fundi wa magari mjini Corpus Christi, akiimba mwisho wa wiki.

Mwaka 1974, akiwa na prodyuza Huey Meaux wa Houston, alirekodi “Before the Next Teardrop Falls”. Ulikuwa wimbo wa zamani, umeshaimbwa na wengi bila kishindo. Yeye aliuimba kwa Kiingereza, kisha akaingiza ubeti kwa Kihispania. Mwaka 1975 ulishika nafasi ya kwanza katika orodha za Billboard, ile ya kantri na ile ya muziki wa jumla. Si mchezo.

Sasa tutazame fani na maudhui. Ubeti ule wa Kihispania unarudia kwa karibu yale yaliyokwisha kuimbwa kwa Kiingereza: mpenzi aliyeachwa anamtakia mwenzake heri, na kuahidi kuwapo machozi yakija. Maudhui hayaongezeki. Anayeongezeka ni msemaji. Kumbe huyu Freddy ana mama aliyemlea kwa lugha nyingine! Kwa maoni yangu, ubeti huo ni sahihi ya Huerta ndani ya kazi iliyotiwa muhuri wa Fender.

Utaniuliza: je, hicho Kihispania si kiungo tu cha kukolezea biashara? Swali ni la haki. Ni kweli kwamba soko lilimruhusu kuleta lugha ya mapenzi. Halikumwomba aeleze habari za vibarua wala za gereza. Lakini kiungo huondoka mlo ukiisha, naye hakuondoka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 aliimba na kundi la Texas Tornados, wakichanganya lugha zote mbili. Kisha mwaka 2002 alipata tuzo ya Grammy kwa albamu ya Kihispania iitwayo “La Música de Baldemar Huerta”. Jina lililofichwa mwaka 1959 sasa limo katika anwani ya kazi yenyewe.

Alifariki Oktoba 2006. Simwiti shujaa, na kasuku simwiti. Alilipa kiingilio cha jina ili asikike, akatumia zaidi ya miaka 40 kulirudisha. Ndugu wahakiki, kabla ya kuuliza msanii anaimba kwa lugha gani, tuulize kwanza aliyeweka bei ya mlangoni ni nani.