Garissa Iliagiza Bidhaa Kabla ya Intaneti

Historia ya ununuzi wa mtandaoni huanzia Seattle mwaka 1995, Amazon ilipouza vitabu vyake vya kwanza. Ikifika Kenya, hutajwa Jumia mwaka 2013, kisha Kilimall mwaka uliofuata. Masimulizi hayo huiruka Garissa, na kwa kuiruka yanapoteza sura muhimu. Wafanyabiashara wa mji huu na wa kambi za Dadaab walikuwa wakiagiza na kulipia bidhaa za ng'ambo kwa mawimbi ya redio wakati Mkenya wa kawaida hajawahi kuisikia intaneti.

Chanzo chake ni maafa. Januari 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa Mogadishu, na benki na simu za Somalia zikaanguka pamoja nayo. Wakimbizi walimiminika kupitia Liboi, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa kando ya Dadaab, kiasi cha kilomita 100 kutoka Garissa mjini. Familia moja ikajikuta na baba Hagadera, mjomba Kismayu, kaka Jeddah na binti Minneapolis. Kilichowaunganisha kilikuwa taar, redio ya masafa marefu.

Ofisi ya taar ilikuwa chumba chenye redio, mtu wa kuiendesha na watu wanaosubiri zamu. Ukiitwa jina unasogea na kuzungumza, na kila aliye kwenye masafa yale anakusikia. Siri haikuwepo. Hata hivyo ni kupitia redio hizo ndipo hawala, yaani utumaji wa pesa kupitia mawakala, ilipofanya kazi. Ndugu alimkabidhi wakala dola London au Toronto. Ujumbe ukapita hadi kwa wakala wa Dadaab. Mpokeaji akaitwa, akaulizwa ni mwana wa nani na wa ukoo upi, akapewa pesa zake. Hakuna noti iliyovuka mpaka. Mawakala walisawazisha hesabu zao baadaye, na hapa ndipo penye uhondo wa jambo lenyewe, kwani mara nyingi walisawazisha kwa bidhaa. Dola za ughaibuni zilikwenda Dubai, zikanunua nguo, redio na vyombo, na shehena ikateremshwa katika bandari za Somalia kabla ya kushika barabara ya kuja Garissa na Nairobi. Mshahara wa mfagiaji wa Toronto uligeuka kuwa marobota ya nguo Kaskazini Mashariki.

Mwisho wa barabara hiyo ulikuwa Islii, Nairobi, katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi waliopanga humo waliuza mali vyumbani mwao. Mchana chumba kilikuwa duka, usiku kikarudi kuwa malazi. Haikuchukua muda wageni wa kulala wakapungua na jengo zima likawa soko, kisha wenye majengo jirani wakaiga. Maduka makubwa ya Islii ambayo leo huvuta wanunuzi kutoka Uganda, Tanzania na Kongo yalizaliwa kwa mfano huo. Ni haki jina la Garissa likumbukwe katika habari hiyo.

Simu ya mkononi ilipokuja, ilikuta njia imeshafunguliwa. Shirika la Posta na Simu lilivunjwa mwaka 1999, Safaricom na Kencell zikaanza kuuza laini mwaka 2000, na M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, mmojawapo ukitokea Fujairah katika Falme za Kiarabu, ng'ambo ile ile ambako mali zilikuwa zikiagizwa.

Mabadiliko yalionekana wazi zaidi kwenye soko la mifugo la Garissa, ambako ng'ombe huswagwa kutoka pande za Afmadow, ndani ya Somalia. Zamani mchuuzi alinunua bila kujua bei ya Nairobi, umbali wa kilomita 370 hivi, akaomba Mungu. Sasa hupiga simu kwanza. Lakini dalali hajaondoka. Yeye ndiye anayemjua muuzaji, ndiye anayethibitisha kwamba mnyama si wa wizi, na simu haijapata namna ya kuifanya kazi hiyo.

Biashara ya WhatsApp imefuata desturi hiyo hiyo. Picha za abaya na dera hutumwa kwenye kikundi kutoka Dubai au Islii, mteja hulipa kwa M-Pesa, mzigo hupakiwa kwenye basi na kuchukuliwa kwenye ofisi ya basi ukiwa umeandikwa namba ya simu. Nyumba haina haja ya anwani. Safaricom na AliExpress zilipotangaza Machi 2019 kwamba Mkenya angeweza kulipia bidhaa za China kwa M-Pesa, watu wengi hapa walikuwa tayari na mtu wao huko, anayejulikana kwao kwa jina na kwa ukoo.

Ndiyo maana kukatwa kwa njia hizi huumiza sana. Novemba 2001 Marekani iliifunga kampuni ya hawala ya Al-Barakaat kwa tuhuma za ugaidi, na familia zikakosa posho. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilisimamisha kampuni 13 za hawala, kisha ikaziruhusu tena mwezi Juni. Mji ulikuwa bado katika matanga, nao ukafungiwa na riziki. Nasema bila kusita kwamba lilikuwa kosa.

Wapiganaji wa Al-Shabaab nao wamekuwa wakilipua minara ya simu Mandera, Wajir na Garissa. Mnara ukianguka, M-Pesa husimama, wakala hufunga kibanda, na watu wa mpakani hulazimika kutafuta mawimbi ya laini za Somalia ili wapate kuuza mbuzi. Wakati mwingine mafundi hawawezi kufika kuutengeneza bila kusindikizwa na askari, na kila siku ya kungoja ni siku ya soko iliyopotea.