Gule Wamkulu: Mnyama Anayebeba Roho ya Mtu

Novemba 2025 ilitimia miaka 20 tangu UNESCO iitangaze Gule Wamkulu, ngoma kuu ya Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, kuwa urithi wa binadamu wote. Sisi wasema Kiswahili wa Dzaleka na Lumbadzi, hapa Malawi, tukikutana na wachezaji wake tunapisha njia kwa hofu, bila kuuliza wamebeba nini.

Wamebeba swali zito: mnyama anaishia wapi na mtu anaanzia wapi? Wachewa husimulia kwamba Mungu wao, Chauta, aliwashusha watu na wanyama pamoja, kwa mvua, juu ya mlima Kaphirintiwa, safu ya Dzalanyama. Waliishi kwa amani hadi mtu alipopekecha vijiti akapata moto. Nyika ikateketea, wanyama wakakimbia na chuki yao, naye Mungu akapanda mbinguni kwa uzi wa buibui.

Msibani, Kasiyamaliro huja kuuponya uhasama huo. Ni umbo kubwa la pofu, limesukwa kwa fito na kuvikwa maganda ya mahindi, na ndani yake yumo mwanachama wa nyau, chama cha siri cha wachezaji hao. Usiku huo haitwi mtu. Ni mnyama aliyekuja kuichukua roho ya marehemu na kuifikisha kwa wahenga. Kazi ikiisha, umbo huchomwa moto.

Wamisionari waliofungua misheni za Mvera mwaka 1889 na Mua mwaka 1902 waliona ushetani mtupu. Waliocheza walitengwa na kanisa. Katika miaka ya 1920 nyau wakaanza kuwaingiza watoto wa umri wa shule, na ugomvi ukapamba moto: mapadri walitaka serikali ya kikoloni iingilie kati, nao wachezaji wakajibu kwa vinyago. Akatoka Simoni mwenye uso mwekundu kama wa Mzungu, wakatoka Maria na Yosefe.

Ajabu, aliyekuja kuitunza ngoma hiyo ni padri. Claude Boucher, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, alianzisha kituo cha Kungoni pale Mua mwaka 1976, na mwaka 2012 akatoa kitabu kikubwa juu ya vinyago hivyo.

Baada ya uhuru wa Malawi wa 1964, kiongozi wake Kamuzu Banda aliileta ngoma kwenye sherehe za taifa. Tangu hapo wanasiasa wanaikodi kunogesha mikutano, na maana yake inasahaulika.

Lakini swali lile limerudi, safari hii maabarani. Aprili 2021 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuza viinitete vya nyani vyenye chembe hai za binadamu, vingine hadi siku ya 20. Dunia ikauliza mtu anaanzia wapi. Wachewa waliweka masharti zamani: anayevuka mpaka wa mtu na mnyama awe na wazee wa kumsimamia, miiko, sababu na mwisho unaojulikana. Wanaotunga maadili ya maabara wawasikilize wazee wa nyau, na shule zetu zifundishe hekima hii.